Katoni Chini ya Meza

Jumatano, hapa Ibra, soko ni letu wanawake,
asubuhi tu, kabla jua halijatufukuza.
Bi Shinuna huuza uzi, udi, vifungo,
na chini ya meza, ndani ya katoni ya maziwa ya unga,
vitabu vya Kiswahili alivyokuja navyo kutoka Unguja
mwaka ambao hapendi kuutaja.

Nilifika pale kununua zipu.
Sikuwa na nguo ya kutia zipu.
Nilitaka tu kutoka nyumbani,
ambako dhahabu yangu ilirudi kabla yangu
ndani ya kopo la biskuti,
na mashangazi wanapokezana sebuleni:
subira, Zayana, subira huvuta heri,
kana kwamba heri ni gari bovu
na mimi ndiye kamba.

Hakuniuliza kitu. Alinitazama kucha,
nilizozitafuna hadi nyama,
akainama, akatoa kimoja kisicho na jalada.
"Ipe mikono kazi," akasema.

Nikamwambia sijui kusoma Kiswahili.
Ni kweli. Nilikisema, niliimbiwa, niligombezwa nacho,
lakini shule ilinifunza kusoma kuanzia kulia,
na haya maneno yalikuja kutoka upande wa pili
kama wageni waliopitia mlango wa uani.
Nilisoma kwa kidole. Neno lilikuwa mistari tu
mpaka nilitamke,
na likishatoka mdomoni, kumbe ni bibi yangu
anaita watoto waje kula.

Ukurasa wa tisa nikakwama.
Nga-nga-nia, nikasoma. Nga-nga-nia.
Jumatano ya pili nikampelekea Bi Shinuna
lile neno lenye vijiti viwili juu,
kama miiba ya samaki.
"Ng'ang'ania," akasema, jino lake la dhahabu likaonekana.
"Litoe puani, mwanangu. Hilo halitoki kwa adabu."
Njiani nililirudia garini
mpaka baba akazima redio.

Binti wa kitabuni naye alirudishwa kwao.
Naye aliambiwa avumilie.
Sura ya nne alikaa ngazini usiku
akala sufuria zima la wali wa nazi, peke yake,
akakwangua na ukoko,
kisha akarudi kwa yule mume.
Nikapiga ukelele: "Usirudi, mjinga we!"
Mama akagonga mlango. Unasema na nani?

Sikujua nimjibu nini.
Maisha yangu yote sikuwahi kumkataza mtu
kurudi anakoumizwa.
Ilibidi nimwonee uchungu mwanamke wa karatasi
ndipo uchungu ujue njia ya kufika kwangu.

Tena sisemi kitabu ni dawa.
Sikulala usiku ule, wala wa kumi.
Ila nilikesha na mtu.
Na asubuhi moja ya Januari, maji ya bomba yakiuma mikono,
niliwaambia mashangazi, kwa sauti ya kawaida,
kwenye suluhu siendi, na kahawa inapoa.
Mmoja alitia viatu akaondoka.
Mmoja alinifuata jikoni akaninong'oneza:
yule binti, mwisho wake ulikuwaje?

Leo ni wewe uliyesimama mbele ya meza,
mara ya tatu unauliza bei ya uzi mweusi,
mikono ya abaya umeivuta hadi vidoleni.
Magoti ya Bi Shinuna hayamruhusu tena.
Nainama mimi.

Chukua hiki. Hakina jalada, usikionee haya.
Usiniambie umekipenda kama hukukipenda;
yule binti ni mkaidi, atakuudhi.
Maandishi ya penseli pembeni ni yangu, bishana nayo.
Doa la ukurasa wa sitini na moja ni kahawa.
Haya, si kahawa yote.

Na uzi, chukua.
Nguo yake utaitafuta baadaye.